Fundi Aliyezijua Nyembe kwa Mkia

Mara ya kwanza nilipomwona Fundi, alikuwa ananusa wembe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, barazani mwa duka la vitambaa nyuma ya soko la Kasulu, na mkononi ana wembe wa kizamani, ule wa kukunja ambao makali yake hulala ndani ya mpini. Aliusugua mpini kwa kidole gumba, haraka haraka, kisha akaupeleka puani na kufumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na mkasi butu wa ofisi ya shule, nangoja anitazame.

"Njoo unuse," akaniambia, hata salamu bado.

Nikainama, nikanusa. Kafuri. Mimi ni mtu wa Muheza, na kwetu kafuri ni harufu ya maiti aliyekwisha kuoshwa. Nikarudisha kichwa nyuma. Fundi akacheka mpaka mabega yakamtikisika.

"Umeijua! Basi hii si pembe ya ng'ombe, mwenyewe amedanganywa. Ni plastiki ya zamani, ya kwanza kwanza. Ikizeeka inatoa hewa mbaya, wembe unaliwa humo humo ndani. Mwenye wembe analaumu mvua, anamlaumu mkewe kwa kuuweka chini. Kumbe anayeula ni nyumba yake, huu mpini."

Ulikuwa mwaka 2012, nami nilikuwa na wiki tatu tu Kasulu. Nilipangiwa kufundisha historia katika sekondari moja pembeni mwa mji, na sikuja kwa moyo. Nilisafiri siku mbili kwa basi nikiwa nimenuna, na barua ya kuomba uhamisho nilikuwa nimeiandika kabla sijafungua begi. Fundi aliuchukua mkasi, akautazama kama mtu anavyotazama mtoto mchafu wa jirani, akauliza nafundisha nini. Nikamwambia historia.

"Historia," akarudia. Akaninyooshea ule wembe. "Huu wa lini?"

Nikasema sijui.

"Basi kaa."

Nikakaa, na kwa miaka mitatu iliyofuata sikumbuki Jumamosi nyingi ambazo sikukaa pale.

Jina lake sitalitaja. Mjini walimwita Fundi tu, na mafundi wengine wote wa Kasulu walitajwa pamoja na kazi zao, fundi baiskeli, fundi saa, fundi cherehani. Ukisema Fundi, basi, ni yeye. Kilichomlisha ni mikasi ya washona nguo na visu vya wauza nyama. Nyembe zilikuwa mapenzi yake. Hakuwa kinyozi, na mtu akija na kidevu chake alimfukuza. "Mimi nanoa," alisema. "Kunyoa ni kazi ya watu wenye maneno mengi."

Watu wengine huniuliza nyembe za Uingereza zilifikaje kwenye milima ile. Zilifika kama vitu vingine vyote, mfukoni mwa mtu. Bwana shauri anaondoka, anamwachia mpishi wake. Askari anarudi nao kutoka vitani. Mfanyabiashara wa Ujiji anapanda na bidhaa zake, anaubadilisha kwa debe la asali ya Kibondo. Kisha mwenyewe anakufa, wembe unafungwa kitambaani na kuchomekwa kwenye paa, na mjukuu anakuja kuuona siku ya kubomoa nyumba, umevaa kutu kama ganda la muhogo. Hapo ndipo mtu anapomwambia: mpelekee Fundi.

Naye Fundi kabla ya kuusafisha aliusoma. Alianza na mkia, yaani kile kipande cha chuma kinachobaki nje ya mpini ili kidole kipate pa kukaa. "Wembe mkongwe kabisa hauna mkia," alinifundisha, "au unao mfupi, kama wa mbuzi. Baadaye ukarefuka, ukajikunja kwa juu. Ukiona mkia mrefu, wenye maringo, huyo ni kijana." Kisha aliugeuza akautazama kwa mbele, kama unavyotazama shoka. Wa zamani ni mnene kama kabari. Wa baadaye tumbo limechimbwa pande zote mbili, mwembamba, ukiupiga kwa ukucha unalia. Mwisho kabisa alitafuta maandishi. Kama lipo jina la mji wa wahunzi bila jina la nchi, huo ni wa zamani. Kama limeandikwa "England" peke yake, huo umetengenezwa baada ya Wamarekani kutunga sheria kwamba kila bidhaa iseme imetoka nchi gani. Na kama yameandikwa maneno matatu, "Made in England," huo ni wa baada ya Mjerumani kuondoka kwetu.

Haya yote aliyaandika katika daftari la jalada gumu, pamoja na michoro ya mikia aliyoichora kwa kalamu ya risasi, mizuri ajabu. Aliyemfundisha ni Mwingereza mmoja mpima ardhi, aliyekaa Kasulu zamani na kukusanya nyembe kama wengine wanavyokusanya stempu. Mzungu yule alipoondoka alimwachia jiwe la kunolea na sheria zile tatu. Fundi alizishika kama mtu anavyoshika amri za Mungu, na hili ndilo lililokuja kumtia matatani.

Lakini kwanza niseme alivyofanya kazi, maana mtu yule alikuwa kazi yake.

Wembe ukifika, hakuugusa. Aliulaza siku mbili au tatu kwenye kopo la mafuta ya cherehani. Kisha alitoa misumari midogo ya shaba iliyoushika mpini, taratibu, akaitunza kwenye kifuniko cha soda. Kutu aliisugua kwa majivu laini na kipande cha gunzi la muhindi, halafu kwa msasa uliochakaa. Msasa mpya aliuchukia. Penye maandishi hakupitisha kitu zaidi ya kidole chake. Na hakung'arisha mpaka mwisho. Nilimuuliza mara moja mbona anaacha madoa meusi, mteja si atadhani kazi haikuisha?

"Kutu nyekundu inakula," alisema. "Nyeusi imeshiba. Iliyoshiba iache."

Baada ya hapo lilikuja jiwe. Aliulaza wembe juu ya jiwe lenye maji, mgongo na makali vyote vimegusa, akausukuma mbele makali yakitangulia, akaugeuza juu ya mgongo wake, akaurudisha. Alinipa wembe wa kujifunzia, nikauharibu ndani ya dakika tano kwa kuinua mgongo. Hakunigombeza. Aliniambia nirudie, na alipochoka kunitazama aligeuka akanisikiliza. Alikuwa anajua kwa sikio. "Bado unakohoa," alisema, naye ameelekea sokoni. Nikaendelea. "Bado." Nikaendelea. Ilipita miezi kabla ya siku aliyosema, "Haya, sasa umenyamaza," na nilienda nyumbani siku ile nikitembea kama niliyepandishwa cheo.

Nisimfanye malaika. Kwa chuma alikuwa na subira ya kupita kiasi, kwa watu hakuwa nayo. Mwenye bodaboda akiwasha pikipiki karibu na baraza wakati yeye yuko juu ya jiwe, alisikia matusi ya Kiha ambayo mwenye duka, mtu wa Ujiji mwenye adabu zake, alikataa kunitafsiria. Na alikuwa bahili wa mafuta. Aliyadondosha kwa unyoya wa kuku, kisha unyoya ule akajipangusia viwikoni ili kisipotee kitu. Lakini muda wake aliutapanya. Angeweza kukaa mchana kutwa na mzee aliyeleta wembe usiofaa hata kukatia kamba, akimsikiliza habari za babu yake, kazi za watu zimelala. Mwenye duka alimwambia, "Fundi, wewe unanoa mikasi ili ununue hadithi." Hakukana.

Alikuja siku moja mama mmoja mjane kutoka Makere, na wembe umefungwa katika leso. Mumewe alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Aliwaambia watoto wake miaka yote kwamba wembe ule aliurithi kwa baba yake, aliyetoka nao Burma vitani. Sasa wanawe walikuwa wakisema baba alikuwa na chumvi nyingi. Mama akauliza, "Baba, ni wa vita kweli?"

Mimi niliyekuwa nimekaa karibu nilishauona mkia na mpini. Ulikuwa wembe wa juzi juzi, wa bei rahisi, na hata Fundi hakuhitaji kuunusa. Aliupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza. Akapitisha kidole kwenye makali.

"Mama, wembe huu umetunzwa na mtu aliyeupenda," akasema. "Tazama hapa. Umenolewa na mkono mmoja miaka mingi, mkono wa mtu mtulivu. Sijaona wengi waliotunzwa hivi."

Mama akafuta machozi, akashukuru, akaondoka. Nikamwambia Fundi kwamba ameliruka swali. Nilijiona mwerevu kusema hivyo.

"Swali gani?" akanijibu kwa ukali. "Yule mama hakuniuliza habari ya wembe. Aliniuliza kama mumewe alikuwa mwongo. Hilo mimi nitalijuaje?"

Nililibeba jibu lile siku nyingi, maana lilinichanganya. Mtu huyu huyu, wateja walipomwomba aseme wembe wao ni wa kale zaidi ili wauuze vizuri, aliwarudishia wembe wao bila kuunoa. Ukweli wa chuma alikuwa hauchezei. Na sasa nimfikie rafiki yake wa Heru Juu, kule mlimani.

Huyu alikuwa mkulima wa maharage na muhogo, rika lake, mtu mrefu mwenye kicheko cha chini. Kila siku ya soko alipita barazani, wakanywa chai kutoka kikombe kimoja kikubwa wakibishana kwa Kiha. Mwaka 2013 rafiki yule aliingia kwenye kesi ya shamba na binamu yake, mjukuu wa mdogo wa babu yake. Yeye alisema shamba lile babu yake alipewa zama za Mjerumani, peke yake, kabla mdogo wake hajapanda kuishi kule, na siku hiyo hiyo alipewa na wembe na mfanyabiashara aliyemfanyia kazi ya upagazi. Binamu alisema hapana, shamba lilifunguliwa na ndugu wote wawili baada ya Mjerumani kuondoka, kwa hiyo ni la pande mbili. Wazee walioona hawakuwepo tena. Wembe ulikuwepo.

Rafiki akaja nao, furaha tupu. "Wewe utalieleza baraza la ardhi," akamwambia Fundi. "Wewe unaujua umri wa vitu hivi."

Fundi alitoa kutu kwenye shingo ya wembe kwa kidole na mafuta, na mimi niliona uso wake unavyobadilika maneno yalipotokeza. Yalikuwa matatu.

"Usiniite," akamwambia rafiki yake. "Nakusihi, ndugu yangu, usiniite."

Lakini binamu alikuwa amekwisha sikia habari za wembe, naye ndiye aliyeomba Fundi aitwe. Nilikwenda naye. Alivaa koti lake la kanisani. Walipomuuliza, aliuinua wembe ili kila mtu auone, akasema maneno yale hayakuwahi kuandikwa juu ya wembe kabla Mjerumani hajaondoka, hivyo babu hakuweza kupewa wembe ule zama hizo. Mwenyekiti wa baraza, mama wa makamo, akamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Nina hakika kama nilivyo na hakika na mikono yangu."

Shamba likagawanywa. Rafiki yake alipita mbele yake nje ya jengo, akamwekea wembe kiganjani. "Kaa nao," akasema. "Umekupenda wewe." Na siku za soko zikaanza kupita bila yeye.

Fundi hakulizungumza jambo hilo. Ila wembe ule aliusafisha, akaufunga kitambaani, na kila Jumamosi aliutoa, akaupaka mafuta, akaufunga tena. Mafuta hayo hakuyapima kwa unyoya.

Mimi mwaka ule nilikuwa navuna kutoka kwake bila kujua kama kuna deni la shukrani linalokua. Nilikuwa nimemwomba aje darasani kwangu, kidato cha pili, watoto wa kulala mezani. Alikuja na nyembe nne alizozifunga waya zisikunjuke, akazipitisha dawati kwa dawati, akawaambia wazipange, kongwe mpaka changa, bila yeye kusema kitu. Walipiga kelele kipindi kizima. Waligombana juu ya mikia. Msichana mmoja ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake alisimama, akamuuliza, "Babu, na wewe umejuaje?" Fundi akafurahi, akasema, "Niliambiwa. Wewe je, utaniamini tu?" Wiki iliyofuata watoto wakaanza kuniletea vitu vya kwao: jembe lililofuliwa na mhunzi, sarafu yenye tundu, stakabadhi ya kodi ya kichwa iliyokunjwa mara nane. Tangu hapo sikufundisha tena kwa kusoma kitabu ubaoni. Ile barua ya uhamisho sikuichana, niliisahau tu, nikaja kuikuta imeliwa na panya.

Mwisho wa mwaka 2014 nilikwenda likizo Dar es Salaam kwa dada yangu. Huko mtandao ulikuwa mzuri, nami nikazoea kusoma kwenye simu kurasa za watu wanaokusanya nyembe za kale huko ng'ambo. Niliwasoma kwa raha, nikiona sheria za Fundi zinatajwa na watu ambao hawakuwahi kuisikia Kasulu. Ndipo nikakuta wanabishana juu ya yale maneno matatu. Wengi walisema kama yeye. Lakini wengine walionyesha picha za nyembe zenye maneno yale, za wahunzi waliofunga karakana zao kabla ya vita ya Mjerumani. Baadhi ya wahunzi, walisema, waliyaandika mapema kwa bidhaa za kupeleka nje. Hawakuwa wengi, ila walikuwepo.

Niliizima simu. Nilirudi Kasulu nikiwa na neno lile tumboni na nikakaa nalo wiki tatu. Nilijiambia mzee amekwisha zeeka, kesi imekwisha, ya nini kumtonesha. Lakini kila Jumamosi alipoutoa wembe ule na kuupaka mafuta, mimi nilitazama pembeni. Mwishowe nikamwambia. Nikamwonyesha picha.

Aliitazama simu muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Ni wangapi wa namna hii?"

"Si wengi, Fundi. Wachache sana. Inawezekana kabisa kwamba ulisema sawa."

"Hawakuniuliza kama inawezekana," akasema. "Waliniuliza kama nina hakika."

Alifunga kazi saa nne asubuhi, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kesho yake, Jumapili, tulichukua bodaboda mbili kwenda Heru Juu. Mvua ilikuwa imenyesha, na mlimani tulishuka tukasukuma.

Rafiki yake tulimkuta uani anamenya muhogo. Alituona tangu mbali, hakuinuka. Fundi alisimama mbele yake na koti lile la kanisani, tope mpaka magotini.

"Mwakeye," akamwamkia kwa Kiha.

Yule akaitika, kisu hakikusimama.

"Nimekuja kukwambia jambo. Siku ile barazani nilisema nina hakika. Sikuwa nayo. Nilikuwa na maneno ya mzungu niliyoyaandika kwenye daftari, nikayafanya macho yangu. Mwalimu amegundua kuna nyembe zenye maneno yale za zamani zaidi. Wa babu yako unaweza kuwa wa zama za Mjerumani. Unaweza usiwe. Mimi sijui. Niko tayari kwenda nawe barazani, hata wilayani, niseme hivyo mbele ya watu."

Kisu kikasimama. Mke wa mwenyeji alikuwa ametoka na viti, akabaki navyo mikononi.

"Umepanda mlima huu na mvua hii," rafiki yake akasema polepole, "kuja kuniambia kwamba hujui?"

"Ndiyo."

"Shamba limekwisha gawanywa. Muhogo wa binamu yangu umefika kiunoni. Nikaung'oe?"

"Hilo ni lako. Langu nimesema."

Yule mzee akageuza kichwa, akatazama mgombani. Aliporudisha uso, aliweka kisu chini. "Nusu shamba nimeizoea," akasema. "Lakini mwaka mzima na zaidi unakunywa chai peke yako, na mimi nakunywa yangu huku. Huo mwaka atanigawia nani?"

"Nilidhani hutaki kuniona."

"Na mimi nilidhani utakuja!"

Wakaanza kugombana kwa Kiha, wote kwa pamoja, na mke wa mwenyeji akaweka viti chini akaniambia nikae, maana sasa wamepona. Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Fundi alimrudishia wembe wake. Rafiki aliukunjua, akaona makali, akajaribu unywele mmoja wa mkononi, akasema neno moja tu: "Ego," ndilo neno lao la kukubali.

Barazani walikwenda pia, maana Fundi alishikilia. Mwenyekiti yule mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaeleza kwamba uamuzi haukusimama juu ya wembe peke yake, walitazama pia mpaka wa minyaa na ushahidi wa majirani, na asiyeridhika njia ya rufaa ipo. Rafiki akasema hana haja ya rufaa. Ndipo mama yule akamwambia Fundi, "Mzee, nimekaa hapa muda mrefu. Shahidi anayerudi kusema alizidisha, wewe ndiye wa kwanza ninayemwona."

Baada ya siku ile alinunua kalamu mpya ya risasi. Alilipitia daftari lake lote, ukurasa kwa ukurasa, na pembeni mwa kila mwaka alioutaja aliandika neno moja, *labda*. Ilimchukua wiki mbili. Mwenye duka alimtania kwamba sasa ana daftari la labda. Yeye alisema ndilo daftari la kweli la kwanza kuwa nalo. Na mimi, ambaye nilianza kazi ya ualimu nikiogopa swali nisilolijua kama mtu anavyoogopa nyoka, nilijifunza kusimama mbele ya watoto arobaini na kusema sijui, tukatafute. Sioni kitu kikubwa kuliko hicho nilichopewa na mtu mzima yeyote.

Katikati ya mwaka 2015 macho yalianza kumwacha. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alivumilia mpaka siku alipomkata kidole mshona nguo aliyekuwa akipokea mkasi wake, ndipo akagawa mawe yake, akaenda kuishi kwa binti yake huko Murungu, upande wa Kibondo. Jiwe la yule mpima ardhi alinipa mimi. Nilimtembelea mara moja tu kule, mwisho wa mwaka, nilipopelekwa Kibondo kusimamia mitihani. Baadaye nilisikia kwa simu kwamba jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji likaona, la kushoto wakaliacha. Lakini siku niliyofika hakuna aliyejua litakalokuwa. Kesho yake alfajiri alikuwa apande basi la Mwanza na karatasi ya rufaa ya hospitali.

Nilifika alasiri. Alikuwa ameketi nje ya nyumba ya binti, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ndevu nyeupe zimemwota ovyo. Alinijua kwa hatua. Tuliongea habari za mvua na za watu waliokuwa wakiingia kutoka Burundi, barabara zimejaa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa wembe wa kabari, mpini wa pembe nyeusi, mkia mfupi.

"Ninyoe," akasema.

"Fundi, mimi sijawahi kumnyoa mtu."

"Najua. Binti yangu anaogopa. Na mimi sitaki kwenda Mwanza hivi. Daktari ataniona nilivyo, atadhani huyu mzee hana watu."

Binti akaleta maji ya moto na sabuni, akaingia jikoni haraka asitazame. Nilimfunga taulo shingoni. Nikaitia mikono yangu kwenye maji ya moto mpaka ikapata joto. Nikaivuta ngozi ya shavu kwa mkono wa kushoto, nikaulaza wembe, nikashusha. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na chini yake niliona mshipa unapiga. Mtu aliyenisahihisha kila Jumamosi kwa miaka mitatu alikaa kichwa nyuma, macho yake ya ukungu yametazama mbinguni, shingo yote ameniachia. Nilishusha upande wa kulia, nikashusha wa kushoto, nikapita juu ya koo bila kupumua. Kuku walikuja, wakaondoka.

Nilipomfuta kwa kitambaa, alijipapasa kwa mgongo wa mkono, taratibu, tangu sikioni mpaka kidevuni. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Wewe! Njoo uone kaka yako alivyoninyoa."

Binti akatoka, unga wa muhogo mikononi. Akamtazama baba yake, akazunguka upande wa pili, akainama.

"Amekunyoa vizuri, Data," akasema, ndivyo Waha wanavyomwita baba. "Amebakiza hapa tu, chini ya sikio." Akanigeukia mimi, akajipangusa mikono kwenye kanga, akamshika baba yake kichwa ili kisitikisike. "Haya, kaka. Malizia."